Maji ya Oktoba

Picha nyingi za maporomoko ya maji zinazozunguka mtandaoni zimepigwa Aprili, Mei au mwanzoni mwa Juni. Ndiyo miezi ambayo maji ni mengi, majani yanang'aa, na ukisimama mbele ya mwamba unalowa hadi kope. Sina ugomvi na picha hizo. Mimi mwenyewe ninazo, tena nyingi. Ila baada ya kupanda njia ileile ya Uluguru katika kila msimu wa mwaka mmoja, naona kwamba masika hayakufundishi mengi kuhusu mlima. Masika hata paa la bati lina maporomoko. Ukitaka kuujua mlima, nenda Oktoba.

Njia ninayoisema haina jina wala kibao. Iko upande wa mashariki wa Uluguru, ukishapita Mkuyuni unaelekea Kinole, katika kijiji alikozaliwa mama yangu. Wapandaji wengi wanaofika Morogoro huishia upande wa mjini. Huko kuna Morningside, penye nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani, na kuna Lupanga, kilele cha mita 2,138 kinachouangalia mji wote. Njia yetu ni ya kwenda shamba tu. Inaanzia nyuma ya nyumba ya bibi, inapita kwenye migomba na minanasi, kisha kwenye midalasini, inavuka kijito mara tatu, halafu inafika pale maji yanapoanguka kutoka kwenye mwamba wenye urefu wa mnazi mmoja na nusu. Mimi hutumia saa mbili. Bibi, enzi za magoti yake, alitumia saa moja na mzigo kichwani.

Juu ya mwamba kuna kipande cha miti cha ukoo wetu. Juu ya miti hiyo ndipo unapoanza mpaka wa hifadhi. Kipande hicho ndicho kilichonipandisha mara nne kwa mwaka mmoja.

Kwa Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Bibi alijaliwa binti mmoja, mama yangu, ambaye ametangulia mbele za haki. Mimi ndiye binti yake pekee. Kwa hiyo mimi, ninayeishi Dar es Salaam kwenye nyumba ya kupanga na ambaye sijawahi kulima hata mchicha, nina neno la kusema kuhusu miti iliyo mlimani. Februari mjomba alinipigia simu.

"Mpwa wangu, kuna mtu anataka kukodi kile kipande cha juu alime tangawizi. Analipa vizuri. Lakini itabidi miti itoke. Ardhi ni yenu wanawake, mimi msimamizi tu. Njoo uone, halafu useme kabla mwaka haujaisha."

Nilimjibu kwamba nitakuja. Sikumwambia kwamba jibu nilikuwa nalo tayari, kwa sababu nimesoma na najua miti ina faida gani. Nilidhani kazi ni kwenda kulisema tu.

Masika

Nilipanda Aprili. Treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar hadi Morogoro mwaka 2024, ilinifikisha mjini kabla sijamaliza karanga zangu. Kutoka Bigwa hadi kwa bibi ilinichukua muda mrefu kuliko safari yote ya kutoka Dar, nusu yake nikiwa nimeshuka kwenye bodaboda tunaisukuma.

Upepo wa Bahari ya Hindi ukifika Uluguru hukuta ukuta. Hupanda, hupoa, huacha mvua. Upande huu wa mashariki kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati mji wa Morogoro, nyuma ya safu hiyohiyo, haupati hata nusu yake. Ukipanda masika unaelewa maana ya tarakimu hizo kwa makalio yako. Njia ilikuwa sabuni. Kijana wa mjomba alitangulia pekupeku, anakita vidole vya miguu kwenye udongo kama mizizi, na mimi nyuma yake na viatu vyangu vya kupandia milima, nikianguka kila baada ya migomba mitatu.

Hatukufika. Kivuko cha tatu kilikuwa kimejaa, na maji yalikuwa yanaviringisha mawe kwa sauti unayoisikia kifuani. Tulisimama upande wa pili tukayasikiliza maporomoko bila kuyaona. Nilichokiona ni chini kidogo, pale kijito chetu kinapokutana na kingine kinachotoka bonde la jirani. Cha kwetu kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Cha jirani kilikuwa chekundu, kizito, kama uji wa ulezi. Vikaenda pamoja bega kwa bega hatua kadhaa, kisha vyote vikawa vyekundu.

"Kule juu kwao wameshafyeka," alisema yule kijana, kama anayetaja bei ya vocha.

Kipupwe

Julai nilipanda na mjomba mwenyewe. Asubuhi ilikuwa baridi ya kufunga kanga juu ya sweta. Njia ilikuwa imekauka, na kwa mara ya kwanza nilifika kwenye mwamba, nikapiga picha zangu, nikanywa maji kwa viganja. Chini ya maporomoko wanawake wameweka bomba la mwanzi la kukingia ndoo. Mama mmoja alikuwa anakinga. Nilimwamkia, akaniuliza habari za Dar, na kabla sijamaliza kusema nzuri ndoo ilikuwa imejaa na inamwagika.

Kisha tukapanda hadi kwenye miti. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili, lakini ndani ya miti kulikuwa kunadondoka maji. Ukungu ulikuwa unapita taratibu kati ya mashina, na kila kilichoweza kuukamata kiliukamata: kangaga, ndevu za kijani zilizoning'inia kwenye matawi, utando wa buibui, hata nywele zangu. Mjomba aliingiza panga ardhini bila kutumia nguvu, likazama hadi mpini. Alilitoa na udongo mweusi unaotiririka.

"Unaona? Hili ni sponji," alisema. "Masika linakunywa, kiangazi linatapika kidogokidogo. Baba yangu alinionyesha hapahapa."

Pale ndipo hotuba yangu ilipoishia. Nilikuwa nimebeba maelezo ya kumpa mtu ambaye ndiye angepaswa kunipa mimi. Mjomba anaijua miti ile mmoja mmoja. Anajua ndege wanaolia humo, na Uluguru ina ndege ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Hakukosa elimu ya mazingira. Alikosa ada.

Tulikaa juu ya gogo, akanieleza. Ana watoto watatu shuleni. Watoto hao, kwa mila yetu, si wa ukoo huu. Ni wa ukoo wa mama yao. Ameilinda ardhi hii miaka 30, na siku akifa hawatarithi hata shina la mgomba. Kodi ya tangawizi ilikuwa njia yake pekee ya kuwapatia watoto wake kitu kutoka kwenye mlima alioutumikia maisha yake yote. Alisema haya bila uchungu, akichonga kijiti.

Jioni bibi aliongeza lake. Mwaka 1955 Waluguru waliupinga waziwazi mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao, na mpango ule ukafa. Bibi alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka wakubwa wakirudi jioni migongo imekufa, kwa kazi waliyoambiwa ni ya kuokoa udongo na maji.

"Maji ya nani?" aliniuliza, kana kwamba mpango ule niliuandika mimi. "Siku zote mtu anapanda kutoka chini, anatwambia tuutunze mlima. Halafu anateremka."

Nilitazama viatu vyangu mlangoni. Vilikuwa vimegharimu karibu kodi ya mwezi.

Kiangazi

Ruvu inaanzia Uluguru. Vijito kama chetu vinakusanyika, mto unashuka tambarare, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inachota humo sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya 2022 ililikuta na zaidi ya watu milioni 5. Mwaka huohuo, kuanzia Oktoba, vuli zilipochelewa na Ruvu ikapungua, jiji liliingia kwenye mgao. Mtaani kwetu tulipanga madumu kwenye foleni saa tisa usiku. Tulichanga kununua boza, na boza likija watu wazima waligombana mbele ya watoto wao. Wakati ule nililaumu bomba. Sikufikiria mlima hata siku moja.

Kwa hiyo Oktoba nilipanda nikiwa na jicho jingine. Miteremko ya chini ilikuwa ya kahawia, na mahali pawili moto wa kuandalia mashamba ulikuwa umeruka mipaka ukaacha michirizi myeusi. Jua lilipiga mgongoni tangu saa mbili. Kwenye makutano ya vijito, kile cha jirani, kilichokuwa chekundu na chenye kiburi Aprili, kilikuwa mawe matupu. Mbuzi wawili walikuwa wamelala ndani yake.

Cha kwetu kilikuwa kinatiririka. Maporomoko yalikuwa yamekonda, yakiteleza kwenye mwamba badala ya kuruka, na mtu aliyekuja kupiga picha angeweza kugeuza njia kwa hasira. Lakini yalikuwa yanatiririka. Pale kwenye bomba la mwanzi palikuwa na foleni ya ndoo kumi na moja, nyingine za wanawake wa bonde la jirani. Yule mama wa Julai alikuwepo. Safari hii ndoo yake ilijaa baada ya salamu zote, habari za watoto wote, na msiba mmoja mzima.

Niliporudi nilimwambia bibi kwamba nimeona maji mwezi usio na mvua.

"Hayo ni ya masika," alisema. "Yamechelewa tu njiani."

Nimesoma vitabu kadhaa vinavyoeleza jambo hilo kwa kurasa nyingi. Mvua haipotei msituni. Inazama, inatembea chini polepole kwa miezi, inatokea huku mbele watu wanapoihitaji. Anayefyeka hapunguzi mvua ya Aprili. Anayaondolea maji hayo kitu cha kuyachelewesha, yakafika yote siku moja, na udongo juu yake.

Vuli

Mwisho wa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshatia harufu ardhini, tulikaa barazani kwa bibi: yeye, mjomba, mke wa mjomba, mama wawili wa ukoo, na mimi. Bibi aliweka kata ya togwa katikati. Mjomba alisema nianze.

Nilisema miti ibaki, na kwamba nitalipa mimi kodi ileile ambayo mtu wa tangawizi angelipa: shilingi 300,000 kwa mwaka, mkononi kwa mjomba, Januari, kabla shule hazijafunguliwa.

Kimya. Kisha mjomba akacheka hadi akashika kiuno.

"Yaani ukodi ardhi yako mwenyewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Usilime?"

"Nisilime."

"Na ukifukuzwa kazi? Ukiolewa Mwanza?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia mwaka huu ninao, wa kesho tutauongelea kesho. Mmoja wa wale mama aliuliza boza moja la maji Dar tulilinunua kiasi gani wakati wa mgao. Nilipomtajia na kumweleza tulinunua mangapi, alimgeukia mwenzake: "Basi anapata nafuu." Bibi hakusema kitu. Alinisogezea kata.

Nililipa Januari. Nimeshaanza kuweka ya mwaka unaofuata, kidogokidogo, na naijua hesabu yangu: kodi moja, kipande kimoja, kijito kimoja kati ya vingi. Yule mtu wa tangawizi hakukaa bure; alikodi mteremko mwingine nyuma ya mgongo wa mlima, kwa watu ambao hawana mpwa Dar. Maji ya kule nayo huja Ruvu. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2008 inalinda zaidi ya hekta 24,000 za msitu wa juu, lakini chini ya mpaka wake kuna vipande kama chetu visivyo na idadi, na kila kimoja kina mjomba wake mwenye watoto shuleni. Sioni kwa nini wao wabebe peke yao gharama ya bomba langu.

Wenzangu wa kupanda milima huniuliza twende lini. Nawaambia twende Oktoba, na waje na chenji: kuna mama anauza ndizi za kuchoma pale kwenye kivuko cha tatu, na miezi hiyo hapiti mteja.