Namba ya Mnyama Ionekane

Mimi ni bwana shamba hapa Kibamba. Mwaka mmoja tulifanya maonyesho madogo ya mbuzi wa maziwa. Kazi ya kuandika namba ilikuwa yangu. Niliziandika kwa wino kwenye karatasi, nikawafunga mbuzi shingoni.

Asubuhi mvua ikanyesha. Namba 8 ilifutika upande mmoja, ikasomeka 3. Mbuzi huyo ndiye aliyeshinda. Mwamuzi akatangaza namba 3. Jembe la zawadi likaenda kwa mtu mwingine.

Mwenye mbuzi alikuwa mama mjane. Jioni nilikwenda kwake kumwomba radhi. Akaniambia, "Bwana shamba, mimi mbuzi wangu namjua. Daftari lako ndilo halimjui." Kesho yake nilikiri kosa langu mbele ya waamuzi. Jembe likarudi kwa mwenyewe.

Katika mashindano ya farasi, mpandaji huvaa namba mgongoni. Pengine namba huwekwa kwenye hatamu, au kwenye kitambaa cha chini ya tandiko, pande zote mbili. Mwamuzi akisimama kushoto au kulia, ataiona. Yeye hatazami jina la mtu. Hutazama namba.

Siku hizi naandika namba kubwa kwa rangi, juu ya kitambaa kigumu, pande zote mbili. Kisha naiandika daftarini pamoja na jina la mfugaji.

Ndugu mfugaji, ukienda kwenye maonyesho, isome namba ya mnyama wako. Ikifutika, sema mapema. Kujua kusoma namba ni kulinda haki yako.