Mbuba: Mpe jua kazi

Ukiwaambia watoto wa mjini kwamba unakwenda Ngara, swali ni lile lile: "Kule kwa wakimbizi?" Ni kweli, mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo ndani ya siku moja hivi, na miti kibao ikaishia mafigani. Lakini mimi, msomaji wangu, Mbuba nilifuata nyanya.

Kule migomba na maharage ndiyo chakula. Kijana mwenye haraka ya pesa anawazia nyanya, na adui yake yumo udongoni. Leo mche umesimama kama bibi harusi, kesho umelala chali: hicho ni kinyausi. Ukiponea hapo, minyoo fundo inaijaza mizizi vinundu. Dawa ya wazee ni kuchoma kuni na takataka juu ya kitalu. Sasa jamani, katika wilaya iliyokwisha kuona miti ikifyekwa namna ile, kuni za kuchomea udongo za nini?

Moto wa bure uko juu kichwani. Mwaka 1976 Jaacov Katan na wenzake wa Israeli walichapisha utafiti wa kuua magonjwa ya udongo kwa jua. Unalainisha kitalu, unamwagilia mpaka kilowe vizuri, maana udongo wenye maji hupitisha joto kuliko mkavu. Unatandaza nailoni, unaibana ardhini, unafukia kingo zote. Nailoni nyeusi hapana! Hiyo hunyonya joto yenyewe. Tafuta ile ya kuona ndani, inayopitisha mwanga mpaka chini. Wala usiogope marufuku ya 1 Juni 2019, ile ilihusu mifuko ya kubebea.

Penye jua kali, udongo wa juu hufika nyuzi 45 hadi 50. Ukungu, minyoo na mbegu za magugu vinaiva humo kwa wiki 4 hadi 6. Ngara ni nchi ya vilima na usiku kuna baridi, hivyo ongeza wiki mbili, na uifanye kazi hiyo kiangazi, Juni hadi Agosti. Joto haliendi chini sana, ndiyo maana kitalu ndicho kinachofaidi zaidi. Ukifunua, usichimbue kwa kina, utapandisha wagonjwa wa chini.

Wiki nane ni nyingi kwa mwenye njaa ya pesa, najua. Ila kupanda upya kila mara ni ndefu zaidi. Mjini tunalilaani jua kutwa nzima. Mbuba lipo, linangoja kupewa kazi.