Asterisk 21 na simu za mezani zilizonyamaza

Juzi niliitwa kwenye ofisi moja hapa Siongiroi. Programu ya mtambo wa simu ilikuwa imepandishwa kutoka Asterisk 18 hadi 21, na tangu hapo simu zote za mezani kimya. Mkulima akipiga kuuliza malipo ya majani chai hampati mtu. Fundi aliyetangulia alishasema simu zote zitupwe, zinunuliwe mpya. Pesa hizo zitoke wapi?

Simu hazina kosa. Zinaongea SIP, na SIP ni ile ile ya 2002. Kilichobadilika ni seva: sehemu yake ya zamani, chan_sip, ilitangazwa kuachwa katika toleo la 17 mwaka 2019, ikaondolewa kabisa katika toleo la 21 mwaka 2023. Faili la sip.conf bado liko pale, lakini hakuna wa kulisoma. Sasa kazi ni ya PJSIP.

Kwa hiyo hamisha mipangilio. Katika sip.conf simu moja ilikuwa fungu moja, pjsip.conf hutaka matatu: endpoint, auth na aor. Wengi hukwama kwenye aor. Usipoandika max_contacts=1, thamani yake ni 0, yaani simu hairuhusiwi kujisajili hata neno la siri likiwa sahihi! Ongeza remove_existing=yes, maana umeme wetu mnaujua: simu ikizimika na kuwaka, usajili wake wa zamani unaweza kuuzuia mpya.

Asterisk huja na sip_to_pjsip.py ya kusaidia kuhamisha mipangilio hii. Itumie, ila pitia faili lake mstari kwa mstari kabla ya kuwasha seva.