Aliyekwisha Kujua, Je, Aketi Tena Darasani?

Katika vyuo vyetu vya juu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe anasomea historia, hisabati au uuguzi, hukuta katika ratiba yake kozi ya utangulizi wa kompyuta, ile tuliyozoea kuiita informatiki. Humo hufundishwa namna ya kuwasha mashine, kuandika barua na kuihifadhi, na kutengeneza jedwali la hesabu. Ni kozi ya lazima kwa wakati wetu, wala sina ugomvi nayo. Ninalouliza ni hili: afanyeje yule aliyekwisha kuyajua hayo kabla ya kuvuka mlango wa chuo?

Hapa Uvira watu wa namna hiyo si wachache. Kando ya barabara kuu, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, vipo vibanda vyenye kibao kilichoandikwa kwa mkono: Secrétariat public. Ndani mna kompyuta moja au mbili, mashine ya fotokopi, na jenereta inayongojea umeme ukatike. Humo huchapwa barua za kuomba kazi, mialiko ya arusi, orodha za alama za shule, na zaidi ya yote zile kazi za kumaliza masomo tuziitazo TFC. Mama mmoja, jirani yangu, amewachapia watu TFC kwa miaka kumi na mitatu. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalimchukulia mashine yake ya kwanza. Akanunua nyingine kuukuu kutoka Bujumbura, akaendelea. Wako wakuu wa shule leo ambao kurasa zao zote ziliandikwa na vidole vyake. Naye alipojiandikisha chuoni, akiwa na watoto wanne na miaka thelathini na minane, alijikuta katika ukumbi pamoja na vijana zaidi ya mia, akinakili kutoka ubaoni maana ya neno kibodi.

Nasema ubaoni kwa makusudi. Pale ambapo mashine ni chache na umeme ni wa mashaka, kozi ya kompyuta hugeuka kuwa kozi ya chaki, na mwanafunzi aweza kupata kumi na sita juu ya ishirini bila kugusa kipanya. Mama huyo alipoteza asubuhi mbili kila juma, na asubuhi ndiyo saa ya wateja. Karo aliyolipa ilitoka katika kibanda kile kile alichokifunga ili akafundishwe kazi ya kibanda. Aliuliza kama angeweza kufanya mtihani mapema na kuachiliwa kozi hiyo. Akajibiwa kwa upole kwamba utaratibu huo haupo.

Kwingineko upo. Nchini Marekani, tangu 1967, kuna mitihani ya CLEP inayosimamiwa na College Board; anayeifaulu huweza kurukishwa kozi za mwanzo katika vyuo vingi. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 17 Januari 2002, ilimpa mfanyakazi haki ya kuomba ujuzi wake wa kazini upimwe, hata akapewa shahada kwa huo. Huko Tanzania, Chuo Kikuu Huria huendesha mtihani wa kutambua maarifa ya awali, ingawa huo ni wa kumfungulia mtu mlango wa chuo, si wa kumpunguzia masomo akiwa ndani. Kwetu sisi, sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilitandika njia ya mfumo wa LMD, ambamo mwaka wa masomo huhesabiwa kwa krediti 60, na krediti iliyokwisha kupatikana hubaki mali ya mwanafunzi. Mfumo unaopima masomo kwa vipande namna hiyo hauwezi kusema kwamba hauna kisu cha kukatia.

Siku moja Mama huyo akaniambia, "Mwalimu, nipe wewe huo mtihani, nijue kama ninajisifu bure."

Nilimtayarishia. Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, tulikutana kibandani kwake pamoja na vijana wawili wa darasa lake waliodai kwamba wao pia hawana la kujifunza. Kazi ilikuwa hii: kuchapa ripoti ya kurasa tatu yenye vichwa na yaliyomo, kutengeneza jedwali la wanafunzi ishirini na wastani wa alama zao, kuyahifadhi yote katika folda moja kwenye flashi, kisha kuyatuma kwa barua pepe.

Vijana, ambao simu haiwatoki mkononi, waliandika kwa kidole kimoja. Mmoja alihifadhi ripoti yake vizuri kabisa, kisha tukaitafuta kwa robo saa. Kwenye barua pepe lakini walimpita Mama mbali sana. Yeye alimaliza kuchapa wao wakiwa katika ukurasa wa kwanza, na alama zote za Kifaransa zikiwa mahali pake. Ilipofika orodha ya yaliyomo, alipiga nukta moja moja hadi ukingoni mwa ukurasa, kama alivyofanya miaka yote. Nikamwomba aongeze aya moja mwanzoni; namba zote za kurasa zikawa za uongo, akaanza kuzisahihisha kwa mkono. Kwenye wastani alifungua Excel, akatoa kikokotoo mkobani, akapiga hesabu, akaandika jibu ndani ya kisanduku. Kwa miaka kumi na mitatu Excel ilikuwa kwake karatasi yenye mistari.

Nilimwonyesha jinsi mashine inavyojumlisha yenyewe, na jinsi vichwa vikiwekewa mtindo vinavyozaa orodha ya yaliyomo. Haikuchukua saa nzima, kwa kuwa yote yanayozunguka jambo hilo mkono wake ulikwisha kuyajua. Alitazama skrini, akacheka. "Kumbe nukta zote zile!"

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka aachiliwe kozi nzima, wala na chuo kinachomweka pamoja na asiyewahi kushika mashine. Alipungukiwa robo, afundishwe robo hiyo. Vijana nao wasamehewe barua pepe, wabaki kwa mengineyo. Wala nisingependa mtu asamehewe kwa kuonyesha cheti cha mafunzo ya miezi mitatu, maana vyeti vya namna hiyo huchapwa katika vibanda hivi hivi, na Mama anajua bei yake. Apimwe mbele ya mashine, mchana, kumi kwa kumi, kila mmoja na swali lake. Watakaosema kwamba chuo kitapoteza karo watulie, kwa sababu anachoomba ni asubuhi zake, si fedha.

Ameandika barua kwa uongozi wa chuo, ukurasa mmoja, akiomba kila mwanzo wa mwaka mwanafunzi apendaye apewe saa moja kwenye mashine. Aliipeleka Jumatatu iliyopita kabla ya kufungua kibanda, akapewa nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu bado.