Mji wa Columbus na Majirani Zake

Tumezoea kusikia habari za mipaka ya mataifa, ile ilindwayo na askari na kuchorwa kwa wino mwekundu katika ramani za shule. Leo nataka kuwapeleka mahali penye mipaka ya namna nyingine, isiyo na askari wala lango, lakini iliyogombewa miaka mingi kwa barua, kwa kura, mbele ya mahakimu, na zaidi ya yote kwa mabomba ya maji. Mahali penyewe ni jimbo la Ohio, katika nchi ya Marekani, na mji wake mkuu uitwao Columbus.

Columbus ulianzishwa mwaka 1812 mahali inapokutana mito miwili, Scioto na Olentangy, na tangu mwaka 1816 ndio makao ya serikali ya jimbo. Nchi yake ni tambarare. Ukitoka nje ya mji waona mashamba ya mahindi na ya soya yakienda hata upeo wa macho. Hakuna mlima wala bahari ya kuuzuia mji usipanuke. Kizuizi chake ni watu waliokwisha kukaa huko, na sheria zao.

Msafiri ashikaye njia kuu ya Broad Street kuelekea mashariki ataona jambo la kumshangaza. Ametoka katikati ya Columbus, hajafika mbali, mara yumo katika mji mwingine uitwao Bexley, wenye meya wake na polisi wake. Akiendelea mbele aingia Whitehall, nao una meya wake. Aendelea tena, kumbe amerudi Columbus! Ni kama mtu aliyetoka nyumbani kwake kwa mlango wa mbele, akavuka ua wa jirani, akajikuta tena sebuleni mwake. Kaskazini-magharibi ni vivyo hivyo kwa miji ya Grandview Heights na Upper Arlington. Mji mkubwa umeipita miji midogo, ukaizunguka, ukaiacha kama visiwa ziwani.

Ili kufahamu jinsi mambo yalivyofika hapo, yafaa kwanza kujua taunishipu ni nini. Zamani, taifa la Marekani lilipokuwa bado changa, Baraza lao lilitoa amri mwaka 1785 kwamba nchi za magharibi zipimwe kwa kamba na kugawanywa katika miraba, kila upande maili 6. Mraba mmoja ndio taunishipu, nao uligawanyika katika vipande 36. Mimi niliye mwalimu nimependezwa hasa na shauri moja la amri ile: kipande cha 16 kiliwekwa kwa ajili ya shule. Kabla hajafika mtoto hata mmoja, kiwanja cha kuilisha shule kilikuwa kimekwisha kutengwa. Katika Ohio vipimo havikuwa sawa kila mahali, lakini jina lilibaki, na hata leo taunishipu ni serikali ndogo ya shamba, karibu kama sekta za kwetu zisizo na mtemi. Hutawaliwa na wadhamini 3 waliochaguliwa na watu. Kazi yao ni barabara ndogo, makaburi, wazima-moto, na mambo mengine ya jirani kwa jirani.

Tofauti kubwa kati ya mji na taunishipu ni mfuko. Mji waweza kutoza kodi ya mshahara. Columbus leo hutoza 2.5 kwa mia, na huitoza hata kwa mtu alalaye kwingine ikiwa kazi yake imo mjini. Taunishipu haina ruhusa hiyo. Huishi hasa kwa kodi ya ardhi na nyumba. Basi kiwanda kikijengwa juu ya ardhi ya taunishipu, na ardhi hiyo baadaye ikiingizwa mjini, mshahara wa kila mfanyakazi wa pale huanza kuuletea mji faida.

Msidhani kwamba mji waweza kuamka asubuhi na kuitwaa ardhi ya jirani. Kwa sheria ya Ohio, wenye ardhi ndio wanaopeleka ombi kwa makamishna 3 wa kaunti, na ardhi yenyewe sharti igusane na mpaka wa mji. Mji hungoja kuombwa. Lakini mwenye hekima hujua namna ya kumfanya mtu aombe.

Mwenye hekima hiyo alikuwa Maynard Sensenbrenner, aliyekuwa meya wa Columbus tangu mwaka 1954 hata 1959, na tena tangu 1964 hata 1971. Wakati wake mji ulikuwa na maji mengi, maana mwaka 1955 ulimalizika ukuta wa Hoover uliofunga kijito cha Big Walnut na kufanya ziwa kubwa. Sehemu nyingi za jirani zilikuwa na visima tu, na mashimo ya choo. Mjenzi mwenye kutaka kujenga nyumba 200 hawezi kuzijenga juu ya mashimo ya choo 200 bila kuchafua visima. Hapo ndipo Columbus uliposema neno moja lililo wazi: atakaye maji yetu na mifereji yetu ya maji machafu, na aingie kwanza ndani ya mji.

Neno hilo lilifanya kazi kuliko jeshi. Mwaka 1950 Columbus ulikuwa na ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 100 na watu 375,901. Leo umepita kilometa za mraba 550, na hesabu ya mwaka 2020 ilipata watu 905,748. Tena mji ulikuwa mwangalifu kutofungiwa; ulijitahidi kupata vipande virefu vyembamba vya ardhi, kama vidole vya mkono, ili njia ya kwenda mashambani ibaki wazi. Kwa njia hiyo umevuka hata mpaka wa kaunti yake ya Franklin kuingia kaunti ya Delaware upande wa kaskazini.

Linganisheni na Cleveland, mji wa ziwa la Erie katika jimbo lile lile. Huko miji midogo iliwahi kujipatia hati zake mapema, ikauzunguka mji mkubwa pande zote za nchi kavu. Mwaka 1950 Cleveland ulikuwa na watu 914,808. Mwaka 2020 wakabaki 372,624. Si mipaka peke yake iliyouponza, kwa maana viwanda vya chuma navyo vilifungwa na watu wakatawanyika. Lakini waliohama Cleveland walivuka mpaka wakaenda na kodi zao, na waliohama katikati ya Columbus mara nyingi walijikuta bado wamo Columbus.

Mpaka hapa nimewaeleza faida ya mji. Haki yataka tumsikilize na yule jirani.

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwenye shamba mmoja huuza, mwaka ufuatao mwingine, na kila mmoja akiwa na haki yake kamili ya kuuza na kuomba. Lakini taunishipu nzima, je, nani ameiuliza? Clinton, iliyokuwa taunishipu kamili kaskazini mwa mji, leo ni vipande vilivyotapakaa: nyumba kadha hapa, mtaa mmoja pale, katikati Columbus. Franklin upande wa magharibi nayo ni vivyo hivyo. Montgomery, taunishipu ya kale ya mji wenyewe, imebaki jina katika karatasi. Haina tena mdhamini. Kodi huondoka pamoja na maduka yaliyo kwenye njia kuu, na nyumba za watu wasio na uwezo hubaki, pamoja na barabara zao za kutengenezwa. Mtaa wa Columbus na mtaa wa taunishipu waweza kutazamana, upande huu askari wa mji na upande ule askari wa kaunti. Kuhusu moto, Mungu ashukuriwe, walipatana zamani kwamba aliye karibu ndiye aende. Moto hausomi ramani.

Msomaji wa Lubumbashi hatashangaa sana. Yeye anaijua komini iitwayo Annexe, iliyozizunguka komini nyingine za mji kama pete, na jina lake la Kifaransa latamka wazi kwamba ni kitu kilichoambatishwa. Yajua pia maswali yaulizwayo na mtu wa pembeni: kiwanja changu kimepimwa na nani, na bomba litafika lini?

Jambo lililowaumiza watu wa Columbus kuliko kodi lilikuwa shule. Katika Ohio shule haziko chini ya mji. Kila wilaya ya shule ina mipaka yake na kodi yake. Kwa muda mrefu ardhi iliingia mjini bila kuingia katika wilaya ya shule za mji, hata sehemu kubwa ya Columbus ikawa na watoto wanaosoma katika shule za majirani. Mwaka 1977 hakimu Robert Duncan aliamua kwamba wakuu wa shule za Columbus wamewatenga watoto weusi na weupe kinyume cha sheria, na mwaka 1979 Mahakama Kuu ya nchi ikathibitisha hukumu hiyo. Watoto wakaanza kupelekwa kwa mabasi kutoka mtaa hata mtaa ili wasome pamoja. Nao wazazi wengi weupe wakaona mlango wa kukwepa: kukaa Columbus penye maji ya mji na nyumba mpya, lakini upande ambao shule si za Columbus. Kwa hiyo mipaka miwili isiyolingana, ule wa mji na ule wa shule, ikatenda kazi ambayo sheria ilikuwa imekataza.

Wakuu wa shule za mji walitaka nchi yote iliyoingizwa iwe yao. Majirani wakakataa kunyang'anywa wanafunzi na kodi. Mwaka 1986 wakafanya mapatano waliyoyaita kwa lugha yao jina la kushinda wote wawili. Ardhi iliyokwisha kuwa ya wilaya za majirani ibaki kwao. Ardhi itakayoingizwa baadaye iende kwa shule za Columbus. Na wilaya za majirani zigawane na shule za mji sehemu ya kodi ya viwanda na maduka. Kwa maoni yangu jina hilo lilikuwa zuri kuliko mapatano yenyewe, maana watoto waliotengana walibaki wametengana. Lakini ugomvi ulipoa, na nyumba zikaendelea kujengwa.

Kuna njia nyingine, nayo ilijaribiwa Akron, mji uliokuwa maarufu kwa mipira ya magari ya Goodyear na Firestone. Akron nao ulikuwa na maji, na taunishipu za Copley, Coventry na Springfield zilikuwa na ardhi ya wazi. Badala ya kunyofoana, mwaka 1994 walikubaliana. Mji utapeleka maji na mifereji. Hautaingiza ardhi ile ndani ya mipaka yake. Nao watu watakaofanya kazi katika maduka na viwanda vya eneo la ushirika watalipa kodi ya mshahara, kodi ile ambayo taunishipu peke yake haina ruhusa ya kuitoza. Watu wa taunishipu waliulizwa kwa kura wakakubali, na baadaye Bath nayo ikafuata. Mimi naiona njia hii kuwa ya busara kupita ya Columbus, kwa sababu jirani amebaki jirani mwenye jina lake. Ila ina kasoro isiyofichika: mfanyakazi atokaye mbali hulipa kodi ya eneo ambalo hana kura ndani yake.

Ugomvi haukwisha. Sheria mpya iliyoanza kutumika mwaka 2002 ilifungua njia za haraka kwa maombi ambayo wenye ardhi wote wameyatia sahihi, na katika moja ya njia hizo ardhi huingia mjini bila kutoka katika taunishipu, ili wadhamini wasipoteze kodi yao yote ya ardhi.

Mwezi wa Januari 2022 kampuni ya Intel ilitangaza kwamba itajenga viwanda vya vipande vidogo vya kompyuta kaskazini-mashariki mwa Columbus, kwa dola zaidi ya bilioni 20. Ardhi iliyochaguliwa ilikuwa mashamba ya taunishipu ya Jersey, katika kaunti ya Licking. Mji mdogo wa New Albany ukaiingiza katika mipaka yake mwaka huo huo. Nyumba za wakulima zikabomolewa, barabara za shamba zikapanuliwa, na taunishipu za karibu, zilizokuwa zikilala usingizi kwa vizazi vingi, zikaanza kukutana usiku ili kuamua zitakuwaje baada ya miaka 20. Mwaka 2025 kampuni ikasema kwamba kiwanda cha kwanza hakitakamilika kabla ya mwaka 2030. Mashamba yamekwisha kugeuka mji, na mji wenyewe bado wangojewa.

Na maji ya New Albany yatoka wapi? Yatoka Columbus, kwa mkataba. Ndiyo maana mji mkuu, wenye viwanda 3 vya kusafisha maji, umeazimia kujenga cha 4 katika kaunti ya Delaware.