Wazimu Si Nasaba

Katika kazi ya ukatibu wa msikiti, maombi ya dua hupitia mikononi mwangu. Mwaka huu jamaa zetu walituletea ombi la kijana wao aliyeko London: alikuwa akisikia sauti zisizo na msemaji, akiamini kwamba anafuatwa. Habari zilipoenea, posa ya dada yake ilivunjwa. Waliokuja kuposa walisema kuwa ukoo ule una wazimu.

Ndugu Waislamu, hukumu hiyo haina msingi. Mwaka 1932, daktari Ødegaard wa Norway alionyesha kuwa Wanorwe waliohamia Minnesota, Marekani, waliugua skizofrenia zaidi kuliko wenzao waliobaki kwao. Na utafiti wa London, Nottingham na Bristol, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta maradhi hayo yakiwapata watu wenye asili ya Karibi mara tisa zaidi ya Wazungu wa Uingereza, na Waafrika weusi karibu mara sita.

Je, ni damu? Lau ingekuwa damu, visiwa vya Karibi vingejaa wagonjwa. Watafiti walichunguza Jamaika, Trinidad na Barbados, wakakuta kiwango cha huko hakikaribii kile cha jamaa zao walioko Uingereza. Urithi una sehemu yake katika maradhi haya kwa watu wa kila rangi, lakini hauelezi tofauti hiyo. Kusini mwa London ilionekana pia kwamba kadiri watu wasio Wazungu wanavyokuwa wachache mtaani, ndivyo hatari kwao inavyozidi. Ubaguzi na upweke hutajwa miongoni mwa sababu.

Basi mwenye mtoto ughaibuni asimpigie simu kwa habari za fedha tu. Amuulize: Unalala vizuri? Unakula na nani? Unaswali jamaa wapi? Akisikia maneno yasiyo ya kawaida, ahimize hospitali mapema, kwani matibabu yakicheleweshwa maradhi huwa mazito. Kisomo hakikatazi dawa, na Mtume wetu (s.a.w.) alituamuru tutafute tiba.

Ama kwa binti yule, dini na tabia yake ni zile zile zilizowavutia wale waliokuja kumposa. Ugonjwa wa kaka yake haukupunguza chochote katika hayo, na mwenye kutaka mke mwema bado anaweza kubisha hodi kwao.