Mwalimu, Mtangazaji na Kazi ya Sauti

Katika vyuo vya ualimu tunajifunza kuandaa azimio la kazi, andalio la somo, zana na maswali ya kupima. Kiko chombo kimoja ambacho mwalimu hukitumia katika kila kipindi, tangu salamu ya asubuhi hadi kengele ya mwisho, nacho aghalabu hatukiandai. Chombo hicho ni sauti. Tunadhani kwamba maadamu mtu anasema, basi anajua kusema. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba kusema mbele ya watu hujifunzwa kwa mazoezi, kama inavyojifunzwa hati ya ubaoni. Na mfano tutakaoutumia tumeupata kwa kijana mmoja aliyekuwa akijiandaa kuwa mtangazaji wa redio.

Katika nchi yetu redio na ualimu ni ndugu wa siku nyingi. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kituo kikaitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kazi hiyo ikawa mikononi mwa serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, kitabu na redio. Watu walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Kadhalika, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipohitaji walimu wengi kwa muda mfupi, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Baadhi ya waliotufundisha sisi kusoma na kuandika waliupata ualimu wao kwa njia hiyo. Haielekei, basi, kuwa ajabu ikiwa leo mwalimu ataenda kujifunza jambo kwa mtangazaji.

Kijana tunayemtaja tulikaa naye nyumba moja Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Msimbazi, kwa muda wa miaka miwili. Alikuwa akisomea stashahada ya uandishi wa habari na utangazaji katika chuo kimoja cha mjini. Sisi tulikuwa tumepanga chumba cha mbele, naye aliishi chumba cha uani kwa mjomba wake, mwuza vitambaa wa Mtaa wa Kongo. Aijuaye Kariakoo anajua kwamba huko mtu hapati kimya kwa urahisi. Mchana kutwa wachukuzi wanapiga kelele wapishwe na mikokoteni yao, na vipaza sauti vya wachuuzi vinarudia bei ileile tangu asubuhi hadi jioni. Kijana huyu aliichagua saa ya kabla ya adhana ya alfajiri. Alisimama uani, karibu na pipa la maji, akasoma gazeti la jana kwa sauti.

Siku moja tulimkuta hapo, akaamkia, "Shikamoo, mwalimu." Tukaitikia na kumwuliza kwa nini ukurasa wake umejaa mistari ya kalamu. Akasema, "Kila penye mstari mmoja napumua, penye miwili nanyamaza kidogo. Na hizi herufi nilizozizungushia duara ndizo adui zangu." Tulitazama, tukaona kwamba herufi zote zilizozungushiwa duara zilikuwa r na l.

Alikuwa mzaliwa wa Kanda ya Ziwa, na lugha yake ya kwanza haitofautishi sauti hizo mbili kama Kiswahili kinavyozitofautisha. Alipokuwa darasa la nne, katika shule ambayo hatuna haja ya kuitaja, alisimamishwa asome habari ya uchaguzi wa kiranja. Akasoma "kula" badala ya "kura". Mwalimu akacheka, darasa likacheka, na tangu siku hiyo akaitwa Mla Kula. Alituambia kwamba hakunyoosha mkono tena kwa hiari yake mpaka alipofika kidato cha pili. Katika mwaka wa uchaguzi wa 2020 alikwenda kujaribiwa sauti katika kituo kimoja cha redio. Karatasi aliyopewa ilikuwa habari ya wapiga kura. Neno lile likamrudia mara saba katika aya tatu, na alishindwa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili kwetu sisi walimu. Wako wengi waliochekwa kama alivyochekwa yeye, na si wote watakaoamka alfajiri kujitengeneza wenyewe. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyosimamia kazi hiyo iliundwa mwaka 1930. Tangu mwaka 1967 lugha hiyo imekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi. Lakini watoto wengi wa bara huja darasani na masikio yaliyolelewa na lugha nyingine. Mtoto asemaye "mahari" akikusudia "mahali" hana upungufu wa akili. Anaifuata kanuni ya lugha ya mama yake, na kuifuata barabara. Kumcheka hakumfundishi tofauti ya sauti. Kunamfundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hawezi kusahihishwa.

Hebu sasa tuangalie kijana huyu alivyojifunza, maana njia yake ina hatua ambazo mwalimu anaweza kuzifuata.

Kwanza, alilifundisha sikio kabla ya ulimi. Alimwomba binti wa mwenye nyumba amtamkie maneno yaliyokaribiana: kalamu na karamu, fahali na fahari, mahali na mahari, kula na kura. Yeye aligeukia ukutani na kuonyesha kwa mkono wa kulia au wa kushoto neno alilolisikia. Wiki ya kwanza alikosea mara nyingi. Baada ya wiki tatu hakukosea ila mara mojamoja. Ndipo akaanza kutamka. Walimu wengi huanza na ulimi. Humwambia mtoto, "Sema kura," mtoto akasema "kula" na kuamini kwamba amesema vilevile, kwa kuwa sikio lake bado halijaona tofauti.

Pili, alijua kinywa chake kinafanya nini. Katika l, ncha ya ulimi hukaa nyuma ya meno ya juu na pumzi hupita pembeni. Katika r, ncha hiyo hugonga ufizi upesi na kuachia. Maelezo haya ni mafupi, na mtoto wa darasa la tatu anayaelewa akipewa kioo kidogo ajitazame. Ndivyo ilivyo kwa dh na z, th na s, ambazo huwatatiza hata watu wazima. Mwalimu asemaye "zana" akikusudia "dhana", au "samani" akikusudia "thamani", anawaachia wanafunzi kazi ya kukisia. Na atamkaye "kuzuru" mahali pa "kudhuru" amegeuza maana nzima.

Tatu, aliandaa maandishi kwa ajili ya msikilizaji. Msomaji wa gazeti akipotea hurudi mstari wa juu. Msikilizaji hana pa kurudi. Kwa hiyo kijana huyu alizikata sentensi ndefu, akaweka jambo moja katika kila sentensi, na tarakimu kubwa akaziandika kwa maneno ili ulimi usijikwae. Mwanafunzi wa darasa la pili anayemsikiliza mwalimu yumo katika hali hiyohiyo. Hawezi kuyafunua tena maneno ya mwalimu kama ukurasa. Maelezo ya hatua za kugawanya au ya mzunguko wa maji yanahitaji kukatwakatwa vivyo hivyo, na kituo baada ya kila hatua.

Nne, alijizoeza kusema alichokiona. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko la Kariakoo liliungua. Lilikuwa jengo la mbunifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lenye mapaa ya zege mfano wa miavuli iliyogeuzwa. Asubuhi yake kijana alisimama na wengine mbali kidogo na soko, kisha akarudi nyumbani na kutaka tumsikilize kwa dakika tatu. Mara ya kwanza alisema moto ulikuwa wa kutisha, hasara kubwa mno, huzuni isiyo na kifani. Tulimwuliza, "Wewe umeona nini?" Akanyamaza, kisha akaanza upya. Akasema moshi ulikuwa bado unatoka upande wa juu. Akasema mama mmoja alishika funguo za kizimba chake na kuzigeuzageuza mkononi, wala hakuwa akizungumza na mtu. Mjomba wake, aliyekuwa amekaa kizingitini, aliacha kunywa chai. Mara ya pili hiyo kijana hakutumia neno "huzuni" hata mara moja.

Walimu wanafunzi wazingatie jambo hilo wanapofundisha utungaji. Tunawauliza watoto wasimulie safari au sikukuu, nao hutujibu kwamba ilikuwa nzuri sana na walifurahi sana. Swali la "umeona nini?" huwatoa hapo haraka kuliko orodha ya vivumishi iliyoandikwa ubaoni.

Kutokana na mambo hayo tulitunga somo ambalo walimu wanafunzi wetu wamelifundisha katika mazoezi ya kufundisha, nalo tunaliita Redio ya Darasa. Ni somo la Kiswahili la darasa la nne, kipindi cha dakika 40. Dakika 5 za mwanzo ni mchezo wa masikio: mwalimu anafunika kinywa kwa karatasi na kutamka jozi za maneno, na watoto wananyoosha mkono wa kulia au wa kushoto. Dakika 10 zinazofuata watoto wanatamkiana wawili wawili. Dakika 15 vikundi vya watoto sita sita vinaandika habari fupi ya kweli ya shule yao: bomba lililoharibika, mechi ya Ijumaa, mwenzao aliyelazwa. Sentensi zisizidi tano, na pa kupumua pawekewe alama. Dakika 10 za mwisho ni za kutangaza. Khanga inafungwa kwenye kamba pembeni ya ubao, msomaji anakaa nyuma yake, na darasa linasikiliza bila kumwona. Katika darasa la watoto 70 vikundi vitatu au vinne vitatangaza kila kipindi. Vingine vingoje zamu yao.

Khanga ile si pambo. Mwalimu mwanafunzi mmoja aliyefundisha katika shule ya wilaya ya Ilala alitueleza kwamba msichana ambaye kwa wiki tatu hakuwa amesema lolote darasani aliomba mwenyewe kwenda nyuma ya khanga. Alisoma sentensi tano kwa sauti ndogo lakini bila kusita. Macho ya wenzake yalipoondolewa, hofu yake ilipungua. Baada ya mwezi aliomba khanga iteremshwe kidogo, aone watu.

Liko onyo la kuliweka hapa. Mwalimu asije akaigeuza sauti yake kuwa ya kutangazia habari. Mtangazaji hamwoni amsikilizaye, hivyo hana budi kumfikiria. Mwalimu anamwona, naye akiacha kumtazama kwa sababu anaifurahia sauti yake mwenyewe, amepoteza faida aliyo nayo. Aidha, kusahihisha matamshi kuna wakati wake. Mtoto akiwa anasimulia jambo lililompata nyumbani, tusimkatize kwa ajili ya r moja. Tuandike neno lile pembeni, tulirudie kesho katika mchezo wa masikio, wala tusimtaje aliyelikosea. Na mwalimu ambaye matamshi yake mwenyewe hayajatengemaa afanye mchezo huo pamoja na darasa bila haya. Kipimo ni rahisi: siku hizi karibu kila mwanachuo ana simu inayonasa sauti. Ajinase akifundisha kwa dakika 5, ajisikilize usiku, ahesabu ni mara ngapi amesema "sawasawa?" bila kungoja jibu.

Kijana wetu alimaliza stashahada yake na kupata nafasi katika kituo kidogo cha mkoani, ambako husoma matangazo ya mikutano, vifo na mifugo iliyopotea. Huko siyo kusoma taarifa ya habari ya taifa, na hatujui kama atafika huko. Alitupigia simu mara moja akasema kwamba akichoka, r humponyoka bado, ila sasa huisikia inapoponyoka, huirudia neno zima kwa utulivu na kuendelea. Alisema pia kwamba akisoma tangazo la kifo hufikiria mtu mmoja tu aliyeketi karibu na redio akingoja kusikia jina la nduguye, na jina hilo hulifanyia mazoezi kabla ya kitu kingine chochote.

Nasi tunawaomba walimu wanafunzi waanze papo hapo, na majina. Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, kabla ya kufungua kitabu cha mahudhurio, kaeni na mwalimu wa darasa mwulize kila jina linavyotamkwa na wenye nalo. Lisomeni kwa sauti mara mbili, mara tatu. Mtoto ambaye jina lake limetamkwa sawa asubuhi atakuwa radhi kuwatamkia ninyi maneno yake mchana, hata yale asiyokuwa na hakika nayo.